Hofu ya Abiria Garini: Chanzo Chake, Kipimo Chake na Wajibu wa Kupaza Sauti

Asubuhi ya siku za kazi, barabara inayounganisha Njiro na katikati ya Jiji la Arusha kupitia Kijenge hujaa vifodi, bodaboda, bajaji, mabasi ya shule na magari binafsi. Watumishi wa umma, wafanyabiashara, wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu Arusha na watoto wa shule hukabidhi uhai wao kwa mikono ya mtu mwingine kwa dakika chache, kisha hushuka na kuendelea na shughuli zao. Walio wengi hawalifikirii jambo hilo. Wapo, hata hivyo, ambao safari hiyo fupi ni mtihani wa kila siku. Viganja huloa jasho, moyo hudunda, na mguu wa kulia hukandamiza sakafu ya gari kana kwamba pale chini kuna breki.

Hali hiyo huwapata hata watu ambao wenyewe ni madereva wazoefu. Mtu anaweza kuendesha gari lake kutoka Njiro hadi Moshi bila wasiwasi wowote, lakini akikaa kiti cha pembeni huku mwenzake akishika usukani, hakai kwa utulivu. Mara nyingi jamaa na marafiki huichukulia hali hiyo kuwa woga au dharau kwa dereva, na mhusika huishia kunyamaza kwa kuona haya. Ukweli ni kwamba hofu ya abiria ina sababu zinazoeleweka. Sehemu yake ni onyo la hatari ya kweli linalopaswa kufanyiwa kazi, na sehemu nyingine ni mzigo wa nafsi unaoweza kutibika. Ni muhimu mwananchi ajue kuzitofautisha.

Kwa nini dereva haogopi na abiria anaogopa

Tofauti kubwa kati ya dereva na abiria ni uwezo wa kutenda. Wote wawili wamo ndani ya gari moja, wanakwenda kwa mwendo mmoja, na ajali ikitokea haitachagua. Lakini dereva anajua atakanyaga breki lini na atakata kona vipi kabla hajafanya hivyo. Abiria hupata taarifa hiyo baada ya kitendo kuanza, na muda mfupi wa kusubiri ndio ambao akili huujaza kwa mashaka. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya kichefuchefu cha safari kumpata abiria mara nyingi zaidi kuliko dereva: mwili wa dereva hujiandaa kwa mtikisiko unaokuja, ilhali wa abiria hushtukizwa.

Suala hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1969 mhandisi wa Marekani, Chauncey Starr, alichapisha uchambuzi ulioonesha kwamba watu wako tayari kuikubali hatari waliyoichagua wenyewe hata ikiwa kubwa mara 1,000 hivi kuliko hatari waliyowekewa na wengine. Kwa mujibu wa hoja hiyo, anayejiendesha mwenyewe huona hatari yake kuwa ndogo kwa kuwa ameichagua, na anayeendeshwa huiona kubwa kwa kuwa haimo mikononi mwake.

Upande wa pili wa mizani ni kujiamini kupita kiasi kwa madereva. Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, aliwataka washiriki wa Marekani na Sweden wajilinganishe na madereva wenzao kwa ustadi. Asilimia 93 ya washiriki wa Marekani na asilimia 69 ya wale wa Sweden walijiweka katika nusu ya walio bora. Kihesabu, jambo hilo haliwezekani, kwani nusu bora haiwezi kuzidi nusu ya watu. Matokeo hayo yanamfaa abiria na dereva pia. Abiria mwenye hofu anaweza kuikuza hatari, lakini dereva aliyetulia naye anaweza kuipunguza hatari hiyo kichwani mwake kuliko ilivyo barabarani.

Kumbukumbu za Arusha

Kwa wakazi wa Arusha, hofu hiyo ina historia pia. Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi lililowabeba wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya jijini Arusha waliokuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa ujirani mwema lilitumbukia korongoni katika eneo la Rhotia. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walipoteza maisha. Wanafunzi 3 walinusurika wakiwa na majeraha makubwa na kupelekwa Marekani kwa matibabu. Maelfu ya wananchi walikusanyika katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwaaga marehemu, na majeneza yaliyopangwa uwanjani siku ile hayajasahaulika katika familia nyingi za mkoa huo.

Februari 24, 2024, katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara kuu ya Arusha–Namanga, lori liliyagonga magari mengine na kusababisha vifo vya watu 25. Taarifa rasmi zilizotolewa baada ya ajali hiyo zilieleza kuwa lori hilo lilipata hitilafu ya breki. Miezi miwili baadaye, Aprili 2024, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji ya mafuriko jijini humo, na watoto wakafariki dunia.

Mzazi wa Njiro anayemwona mwanawe akipanda basi la shule asubuhi ya mvua ana matukio hayo akilini. Akiuliza kama dereva ni yuleyule wa jana na kama watoto wote wamepata viti, hana sababu ya kuitwa mwoga.

Katika kiwango cha dunia, Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu takribani milioni 1.19 hufariki kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya vifo 9 kati ya 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo, kumwambia abiria wa Afrika Mashariki kwamba hana cha kuhofia si kumsaidia. Msaada wa kweli ni kumwonesha cha kuhofia ni kipi na cha kufanya ni nini.

Kuipima hofu kwa vigezo

Njia ya kwanza ya kupata utulivu ni kuacha kuipima safari kwa mapigo ya moyo na kuipima kwa mambo yanayoonekana. Kigezo kikuu ni mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Nje ya maeneo hayo, magari ya abiria na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Ukomo huo una msingi wa kisayansi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuona hatari na kuanza kukanyaga breki, gari limekwisha kusogea mita 21 kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, umbali huo hufikia mita 33. Aidha, nguvu ya kishindo haiongezeki kwa uwiano uleule wa mwendo: kutoka kilomita 50 hadi 80, nguvu hiyo huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ongezeko la asilimia 1 ya mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa takribani asilimia 4.

Vigezo vingine havihitaji utaalamu. Dereva anaongea na simu au anaandika ujumbe. Analipita gari jingine kwenye kona, kwenye mlima au palipo na mstari usiokatika. Anasinzia, gari linayumba. Ananuka pombe. Gari limejaza kupita kiasi, tairi zimelika, au breki zinatoa mlio wa chuma. Katika miteremko mirefu, kama ile iliyopo kwenye barabara inayopita Mto wa Mbu kwenda Karatu, dereva wa gari zito anayeshuka kwa kutegemea breki peke yake bila kutumia gia ndogo huzipa breki joto kali linaloweza kuzifanya zishindwe kushika. Abiria anayeona lolote kati ya hayo ana sababu ya kuhofu, na anapaswa kuchukua hatua.

Kwa upande mwingine, gari likiwa ndani ya ukomo wa mwendo, dereva akiacha nafasi ya kutosha mbele yake, mikono ikiwa kwenye usukani na macho barabarani, hofu inayobaki haitoki barabarani. Hapo kinachohitaji kutunzwa ni utulivu wa abiria mwenyewe.

Sauti ya abiria ina nguvu

Mara nyingi abiria hunyamaza hata anapoona hatari wazi. Huhofia kudhihakiwa na konda, kushushwa njiani au kuonekana mjuaji. Kila mmoja humtazama mwenzake, na kwa kuwa hakuna anayesema, kila mmoja huamini kuwa wengine hawaoni tatizo. Ukimya wa watu 30 wanaoogopa huonekana kwa dereva kama ridhaa ya watu 30.

Nchini Kenya, watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walilipima jambo hili. Walibandika ndani ya matatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu vibandiko vyenye ujumbe unaowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha kwa hatari. Katika jaribio la kwanza, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2011, madai ya bima yatokanayo na ajali yalipungua kwa nusu au zaidi katika magari yenye vibandiko, yakilinganishwa na yasiyo navyo. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015 na kujulikana kwa jina la Zusha, lilionesha upungufu wa kati ya asilimia 25 na 33. Magari, barabara na askari havikubadilishwa. Kilichoongezwa ni ruhusa iliyoandikwa mbele ya macho ya abiria kwamba kusema si utovu wa adabu.

Funzo hilo linahusu pia Arusha. Maandishi ya “Abiria, chunga mzigo wako” yamezoeleka katika vyombo vya usafiri vya Tanzania, na mzigo wa kwanza wa abiria yeyote ni uhai wake. Sauti moja ikisema kwa heshima, “Konda, tafadhali mwambie dereva apunguze mwendo,” mara nyingi huitikiwa na nyingine mbili au tatu, kwa kuwa wengi walikuwa wakisubiri mtu wa kuanza.

Mifumo inayomlinda abiria

Abiria anaposema, hasemi peke yake. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, ndiyo inayosimamia leseni za usafirishaji, nauli na viwango vya huduma. Kupitia Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Magari, maarufu kwa kifupi cha VTS, mabasi ya masafa marefu hufuatiliwa yakiwa njiani, na mwendo unaozidi kiwango huacha kumbukumbu. Madereva wa mabasi hayo husajiliwa na kupewa kitufe cha utambuzi, ili ijulikane ni nani hasa aliyekuwa kwenye usukani. Safari inayozidi saa 8 hutakiwa kuwa na madereva wawili. Umuhimu wa sharti hilo umeongezeka tangu Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa kusafiri kwa saa 24 baada ya miaka mingi ya zuio la safari za usiku.

Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi nacho hupokea taarifa za uendeshaji hatarishi, na katika dharura mwananchi anaweza kupiga namba 112. Ili taarifa ifanyiwe kazi, inapaswa kuwa na namba ya usajili wa gari, njia linayopita, mahali na saa, pamoja na kosa lenyewe lililoonekana. Maneno kama “dereva yule ni mbaya” hayatoshi. “Amelipita lori kwenye kona ya mlima saa 2:15 asubuhi” yanatosha kuanzia uchunguzi. Abiria wa basi la mkoani anashauriwa kutunza tiketi yake hadi mwisho wa safari, kwa kuwa ndiyo ushahidi kwamba alikuwemo.

Kwa bodaboda, abiria ana nafasi nzuri zaidi ya kusema, kwa sababu makubaliano hufanyika kabla ya kupanda. Kabla ya kutaja nauli, ni vyema kuuliza kofia ngumu ya abiria na kueleza mwendo unaotakiwa. Dereva asiyekubali sharti hilo akiwa amesimama hatalikubali akiwa mwendoni.

Hofu ndani ya gari la familia

Jambo huwa gumu zaidi pale dereva anapokuwa mume, mke, mzazi au mtoto. Konda ataachwa kituoni, lakini neno lililomuumiza mwenzi litarudi naye nyumbani. Ndiyo maana baadhi ya watu humvumilia ndugu anayekimbiza gari kuliko wanavyomvumilia dereva wa kifodi.

Kinachosaidia ni kuzungumza kabla gari halijaondoka, na kuitaja hali badala ya kumhukumu mtu. “Mwanangu, nikipita kwenye kona hizi moyo hunienda mbio, tafadhali twende taratibu” ni maneno yanayoweza kupokelewa. “Wewe hujui kuendesha” huamsha ubishi, na dereva mwenye hasira ni hatari nyingine. Njiani, onyo liwe fupi na lihusu jambo moja, kwa mfano kivuko cha waenda kwa miguu au tuta lililo mbele. Kupiga kelele za ghafla, kumshika dereva mkono au kugusa usukani kunaweza kusababisha ajali ileile inayoogopwa.

Dereva naye ana wajibu. Kupunguza mwendo kwa ombi la abiria hakumpunguzii hadhi. Kufunga breki mapema na taratibu, kuacha nafasi kwa gari la mbele na kumwarifu abiria kabla ya kulipita gari jingine humrudishia abiria kile alichokikosa, yaani kujua kinachofuata. Kucheka hofu ya abiria au kuongeza mwendo ili kumzoesha ni ukatili, na humfanya aogope zaidi.

Wote waliomo garini wafunge mikanda, wakiwemo wa viti vya nyuma. Mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi nusu, na husaidia pia kutuliza hofu, kwa kuwa ni hatua ambayo abiria anaweza kuichukua yeye mwenyewe.

Hofu inapokuwa ugonjwa

Kwa baadhi ya watu, hasa walionusurika katika ajali au waliofiwa, hofu haiondoki hata safari ikiwa salama. Dalili za kuangaliwa ni ndoto za kutisha, kushtuka kwa mlio wa honi, picha za ajali kurudi akilini bila kuitwa, na kuahirisha kliniki, kazi au misiba kwa sababu tu ya kukwepa kupanda gari. Dalili hizo zikidumu kwa zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha, mhusika anapaswa kwenda kituo cha afya. Mtoa huduma ataweza kumpa rufaa ya kwenda hospitali kubwa zaidi, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru.

Tiba inayokubalika na wataalamu ni mazungumzo ya ushauri pamoja na kuizoea safari hatua kwa hatua. Kwa mkazi wa Njiro, hatua hizo zinaweza kuanza kwa kukaa ndani ya gari lililoegeshwa, kisha kuzunguka mitaa ya Njiro na dereva anayemwamini, baadaye kufika Kijenge, halafu mjini, na hatimaye Usa River. Kila hatua hurudiwa mpaka mwili utulie, ndipo inayofuata ianze. Kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, na kutazama mbali mbele ya gari husaidia mapigo ya moyo kushuka. Pombe na vidonge visivyoandikwa na daktari huificha hofu kwa saa chache na kuiacha ikiwa kubwa zaidi.

Watoto wasisahaulike. Mtoto anayelia kila asubuhi anapoona basi la shule huenda ameona jambo ambalo hajapata maneno ya kulieleza, kama dereva anayekimbiza gari, mlango usiofungwa vizuri, au wenzake wanaobanana watatu kwenye kiti cha wawili. Kabla ya kumkaripia, mzazi amuulize, kisha auulize uongozi wa shule.

Wananchi wanakumbushwa kuwa usalama barabarani hauishii kwa askari na dereva. Abiria akiona mwendo uliozidi, simu mkononi mwa dereva au gari lililojaza kupita kiasi, aseme wakati ule ule, kwa heshima na kwa uwazi, na asiposikilizwa atoe taarifa. Akiona kwamba dereva anatimiza sheria na bado moyo wake hautulii, asione haya kutafuta msaada wa kitaalamu.